Siku Niliyokilainisha Kiti cha Mzee Malimi

Yule mtu mliyesikia ameangusha turubai la harusi kule Izia, akiwa amefungwa miguu, amekaa kwenye kiti cha gari, na wakwe wote wako chini ya turubai, ni mimi. Msimsingizie mtu mwingine. Nimesikia watu wakisema alikuwa mlevi, wengine wanasema alikuwa fundi kutoka Tunduma, na kuna jamaa mmoja nilipanda naye lori akanisimulia habari hiyo mwanzo mpaka mwisho bila kujua anamsimulia nani, akaongeza na mbuzi aliyekufa (hakukuwa na mbuzi), nami nikacheka naye huku masikio yananiwaka moto. Sikuwa mlevi. Nilikuwa na akili zangu zote, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mlevi angalau ana cha kusingizia.

Asubuhi ya siku hiyo nilitoka Mpui bila mpango wowote. Nilikuwa nimemaliza kumvunia mtu maharage, baridi ya mwezi wa saba inakata masikio, nikafunga kibegi changu nikasimama barabarani. Mimi ndivyo nilivyo. Shule niliiacha mapema, na siyo kwamba nilikuwa mjinga sana, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabara na kila gari lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Tangu hapo nimepakia mahindi Kasesya, nimechoma tofali, nimechunga, nimeuza kandambili minadani, na kila mahali naondoka nikishajua kinachofanyika pale kinafanyikaje. Basi Fuso moja la mahindi likapunguza mwendo kwenye tuta, dereva akatoa kichwa.

"Unaenda wapi, mshikaji?"

"Wewe unaenda wapi?"

"Sumbawanga."

"Basi na mimi ni huko huko."

Akacheka, nikapanda, nikashuka mjini nikiwa nimeganda miguu, nikaanza kutafuta chai. Sasa wakati natafuta chai ndipo nikapita kwenye gereji moja iliyo uchochoroni nyuma ya maduka ya vifaa, nikakuta kitu ambacho mtu mwenye akili zake angekitazama kidogo akaendelea na safari, lakini mimi nilisimama kama nimepigiliwa misumari. Ilikuwa Noah, mlango wake wa ubavuni umesukumwa wazi, na kiti cha abiria kimetoka ndani ya gari kikageukia nje, kinaning'inia juu ya ardhi kama gari limetoa ulimi. Juu ya kiti amekaa mwanamke, ovaroli imemjaa mafuta, kichwani kilemba cha kitenge, na miguu yake yote miwili imefungwa pamoja kwa mpira wa tyubu, kifundo hadi goti.

"Dada, umetekwa?" nikamuuliza.

"Nimejifunga mwenyewe," akasema bila kunitazama. "Pita zako, au kaa uangalie, ila usinisemeshe nikiwa nimebana pumzi."

Nikakaa nikaangalia. Akashika mpini uliochomelewa pembeni ya kiti, akajivuta kwa mkono wa kushoto peke yake (wa kulia ameubana mgongoni), kiti kikaingia ndani ya gari taratibu, kikatoka tena taratibu, akajaribu kusimama, akayumba, akatukana kidogo kwa Kinyakyusa, akakaa. Halafu akajifungua, akachukua chaki akapiga alama kwenye chuma, ndipo akanigeukia kunisalimia kama binadamu.

Anaitwa Atupele, mtu wa Mbeya, mjini wote wanamwita Fundi Atu. Kazi yake hasa ni viti vya mabasi, kushona vilivyochanika na kuchomelea vilivyovunjika, lakini siku moja alimpeleka mama yake hospitali, miguu ya mama haifanyi kazi, na pale mlangoni wanaume wakamshusha kwenye teksi kwa kumshika kwapa na mapaja, kanga ikaanguka, na mama akafunga macho mpaka walipomfikisha ndani. Atu aliniambia hakukumbuka hata daktari alisema nini siku ile. Alikumbuka yale macho yaliyofungwa. Aliporudi gereji akang'oa kiti cha gari lake mwenyewe, akatafuta habu ya gurudumu kwenye gari bovu, akaweka kiti juu ya habu ili kizunguke, akaharibu, akaanza upya, akaharibu tena, mpaka mama yake akawa anashuka sokoni mwenyewe na kugombana na wauza nyanya.

"Na hiki ni cha nani?" nikauliza.

Hiki kilikuwa cha Mzee Malimi wa Izia. Msukuma, mtu wa ng'ombe, alihamia Rukwa zamani na mifugo yake, na watu waliomfahamu wanasema alikuwa akifika mnadani hata madalali wanapunguza sauti. Kiharusi kikampiga upande mzima wa kulia. Mwanzoni vijana wake walikuwa wanambeba kumwingiza garini na kumtoa, mpaka siku moja wakamshusha mbele ya watu suruali ikateremka, na kuanzia siku hiyo hakutoka tena nje ya ua wake, hata kanisani, hata kwenye msiba wa rafiki yake. Sasa Jumamosi iliyokuwa inakuja binti yake, Milembe, alikuwa anaolewa, na mzee alikuwa ametamka mbele ya ukoo mzima kwamba akibebwa haendi. Mdogo wake, anayeitwa Masanja, alishapanga vijana wanne wenye mabega ya kumbeba, kwa kuwa habari ya kiti cha kuzunguka kilichotengenezwa na mwanamke aliiona ni mchezo. Kwa hiyo mchana huo Atu alitakiwa apeleke gari Izia, aonyeshe kiti mbele ya familia na mbele ya wakubwa wa upande wa bwana harusi ambao walikuwa wamekuja kumalizia mazungumzo. Kiti kikikubali, baba wa bibi harusi anakwenda kanisani. Kikikataa, anabaki kitandani kwake, na Milembe anasindikizwa na Masanja.

Nilisikiliza yote hayo nikasema moyoni, huyu mwanamke ni mtu. Sijawahi kumpenda mtu kwa sababu ya kuchomelea, lakini siku ile nilikaribia.

Hapo simu yake ikaita, akasikiliza, akasonya. Wakwe wamefika mapema na yeye bado anahitaji boliti ya komeo, lile komeo linalozuia kiti kisigeuke gari likiwa linatembea. "Nakimbia dukani hapo," akaniambia. "Chai iko jikoni, maandazi kwenye ndoo. Usiguse kitu."

Ningekunywa chai nikanyamaza, leo ningekuwa na jina zuri mkoani Rukwa.

Nilikunywa chai. Halafu nikakaa kwenye kiti kidogo tu, kuona. Nikajivuta. Kikageuka, lakini kizito! Nikatoka nikainama kuchungulia chini, nikaona sahani ya chuma inayozunguka, na pembeni yake kuna kipande cha tairi kimebanwa kwa boliti, kinakwaruza ukingo wa sahani kila inapogeuka. Nikajiambia, maskini dada wa watu, kwa haraka zake amesahau kipande cha tairi hapa, tena kinabana, na mzee wa watu ana mkono mmoja tu, atawezaje? (Angalieni huruma yangu ilivyokuwa kubwa.) Spana ilikuwa pale pale. Nikafungua boliti, nikatoa kile kipande, nikakitupa kwenye moto wa chai, na kwa kuwa kopo la grisi lilikuwa wazi nikachota kwa vidole nikapaka kwenye sahani, nikapaka kwenye habu, nikapaka na mahali ambapo hata sikujua ni wapi. Nikajaribu. Ndugu zangu, kiti kiliteleza kama kimezaliwa upya. Ukikisukuma kwa kidole kinakwenda chenyewe.

Atu alirudi anahema, akafunga boliti ya komeo, akapiga funda la chai, akanusa hewa. "Mbona chai inanuka mpira?"

Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka. Lakini nikasema acha iwe zawadi, acha agundue mwenyewe mbele ya watu, kiti kinavyokwenda vizuri, aulize "hii imekuwaje?" nami niseme kwa unyenyekevu, "Ah, dada, nimesaidia kidogo." Nilishajiona naandaliwa kiti cha mbele kwenye harusi. Basi nikanyamaza, nikafuta mikono kwenye suruali, na grisi haifutiki kwa suruali.

"Panda," akasema. "Nataka uzito kwenye kiti tukipita mashimo. Wewe una kilo za kufaa." Akanifunga miguu kwa ule mpira wa tyubu, kwa sababu, alivyosema, mtu mwenye miguu mizima haachi kuitumia hata ukimwomba, na yeye alitaka familia ione mtu asiye na miguu anavyoshuka. Akanifunga na mkanda. Tukaondoka.

Nyumba ya Mzee Malimi iko mwisho wa Izia, mahali ambapo nyumba zinaanza kupungua na mashamba yanaanza, na uwanja wake una mteremko. Turubai la harusi lilikuwa limeshafungwa, chini yake viti vya plastiki na watu wamekaa kwa pande mbili, huku ukoo wa mzee, huku wakubwa wa bwana harusi, Wafipa wenzangu kabisa, wamevaa makoti yao ya heshima. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti chenye mikono karibu na mlango wa nyumba, shuka begani, mwili mkubwa, uso umetulia, anamtazama Atu anavyoegesha gari ubavu wenye mlango ukiwa upande wa chini wa mteremko, karibu kabisa na nguzo ya turubai ili kila mtu aone.

"Haya, fundi," Masanja akasimama, mikono kiunoni, "tuonyeshe hicho kiti chako cha saluni."

Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mwembamba mwenye ulimi mrefu, akanichungulia dirishani. "Na huyu ndani ni mgonjwa au ni sampuli?"

"Ni sampuli, mama," Atu akajibu.

"Mbona sampuli yenyewe chafu?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikapunga mkono kama kiongozi. Atu akasukuma mlango ukafunguka. Akaeleza vizuri, kwa sauti ya kusikika, kwamba mzee atavuta komeo mwenyewe kwa mkono wake wa kushoto, atajisukuma mwenyewe, na kiti kitageuka taratibu kwa kasi anayoitaka yeye, kitasimama anapotaka yeye. Aliposema "taratibu" nilikuwa kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Vuta komeo," akaniambia.

Nikavuta.

Sijui niwaelezeje. Gari limelala upande, mlango uko upande wa chini, kiti kimejaa grisi na breki yake imeshaungua kwenye moto wa chai. Nilitoka mle ndani kama jiwe la manati. Nikapita mlangoni, nikaenda mpaka kiti kikagonga bodi ya gari kwa nyuma, paa! kikarudi, nikapita tena mlangoni naangalia ndani, nikauona usukani, kikagonga, kikanitoa tena nje, na mimi miguu imefungwa, mkanda umenibana, nimebaki na mikono tu, na mikono ya mtu anayezungushwa haina adabu, inashika chochote. Nilisikia sauti ya mtoto ikisema, "Mama, feni!" Halafu mikono ikashika nguzo ya turubai.

Ningeiachia. Najua. Kila mtu aliyesikia habari hii ananiambia ningeiachia. Lakini wewe hujawahi kuwa feni. Niliikumbatia kama ndugu, kiti kikanivuta kurudi ndani, nguzo ikang'oka, nikaingia garini na nguzo, na turubai zima likashuka. Halikuanguka kwa kishindo, lilishuka polepole kama mtu anayefunika maiti, juu ya wakwe, juu ya ukoo, juu ya Masanja na mikono yake kiunoni. Kisha chini ya turubai yakaanza kuonekana maumbo ya vichwa yakitembea kwenda pande tofauti, na sauti ya shangazi ikisema, "Nani ananishika? Nimeuliza, nani ananishika?"

Hakuumia mtu, namshukuru Mungu mpaka leo. Walitoka mmoja mmoja, nywele zimesimama, koti la mkubwa wa bwana harusi limejaa chai. Masanja alitoka wa mwisho, na alipotoka alikuwa ameshapata maneno yote aliyokuwa anayatafuta wiki nzima.

"Nilisema! Sikusema? Huyo hapo angekuwa kaka yangu! Angekuwa kaka yangu anarushwa kama gunzi mbele ya wakwe! Dada, chukua chuma chako uondoke. Vijana wangu watambeba, mambo yaishe."

Atu alikuwa amesimama na mkono mdomoni, anakitazama kiti chake, na niliona anajaribu kuelewa alichokosea, anarudia kazi yote kichwani, na hapo ndipo aibu ilinishika barabara, kwa kuwa mpaka dakika hiyo nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Mzee Malimi hakupiga kelele. Alimgeukia mkewe akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Nirudisheni ndani. Jumamosi mtakwenda wenyewe." Milembe alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na sinia la vikombe. Aliliweka chini kama limekuwa zito.

Sasa mimi nilifundishwa na bibi yangu kwamba ukiwakosea wakubwa unapiga magoti unapiga makofi ya heshima, yale ya kwetu, viganja vimekunjwa kidogo, yatoe sauti nzito ya taratibu. Kupiga magoti sikuweza, nimefungwa. Lakini makofi niliweza. Nikawaelekea wakubwa wa bwana harusi pale pale kitini, nguzo mapajani, nikaanza kupiga makofi ya kuomba radhi, na badala ya sauti nzito yakatoka pwacha, pwacha, pwacha, kama ng'ombe anatembea kwenye tope.

Atu akageuka. "Rudia."

"Nini?"

"Piga tena hayo makofi."

Pwacha, pwacha.

Akaja akanishika viganja, akavigeuza juu. Vilikuwa vinang'aa. Akavinusa. Akainama chini ya kiti, akakaa huko muda, akainuka na uso ambao sitausahau.

"Mpira wangu uko wapi?"

"Upi, dada?"

"Kipande cha tairi. Breki yangu. Nilichokifunga pale ili mtu asitoke kama ulivyotoka wewe. Kiko wapi?"

"Nilikitupa kwenye moto," nikasema. "Nilifikiri umekisahau. Kilikuwa kinakwaruza."

"Kilikuwa *kinakwaruza*," akarudia, akawageukia watu wote. "Nilijiuliza chai yangu inanuka nini! Nimekunywa breki yangu mwenyewe!"

Shangazi wa bwana harusi alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka akataka kushika nguzo, akakumbuka hakuna nguzo, akakaa chini. Lakini Masanja hakucheka. "Kimeharibiwa na huyu au na mwingine, kimeharibika," akasema. "Wakwe wana safari, jua linashuka."

"Masanja." Ilikuwa sauti ya Mzee Malimi, na sasa haikuwa ya chini. "Mkokoteni ukishuka mlima bila breki, unalaumu mkokoteni?"

Masanja akaanza kukung'uta vumbi la turubai kwenye shati.

"Nakuuliza. Tumeshuka wote milima na mikokoteni, mimi na wewe. Unalaumu nini?"

"Nalaumu aliyetoa breki, kaka."

"Basi kiti kilikuwa na breki." Akanitazama, mara ya kwanza, akanipima kutoka kichwani hadi kwenye ule mpira wa tyubu. "Na wewe, kijana, umenisaidia. Nimeona mtu anaweza kutolewa mle kama jiwe na asife. Fundi, unahitaji nini?"

Atu akasema anahitaji tairi, lakini siyo jipya, jipya linateleza, anataka lililokanyaga sana likawa gumu. Vijana wakaanza kuangaza macho uwanjani. Hakukuwa na tairi bovu. Mtu akasema waende mjini. Mzee akamwita binti yake.

"Milembe. Kaniletee katambuga zangu."

Mama Milembe akashtuka. "Baba Milembe, hizo si ulisema zisiguswe?"

Nilielewa baadaye. Zile katambuga, viatu vyake vya tairi, ndizo alizovaa alipotembea na ng'ombe kutoka Usukumani mpaka huku, na tangu augue zilikuwa zimetundikwa ukutani mbele ya kitanda chake, kwa kuwa aliwaambia wote kwamba atazivaa siku miguu itakaporudi. Hakuna aliyeruhusiwa hata kuzifuta vumbi. Milembe alizileta amezishika kwa mikono miwili. Soli zimelika kisiginoni kama mwezi mwembamba.

Mzee akachukua ya kulia, akaigeuza, akaitazama kidogo tu. "Mguu wenyewe hauji," akasema. "Kata hii."

Atu alisita. Yeye ambaye sikuwahi kumwona akisita. Kisha akachukua kisu, akakata kwenye unyayo, palipokanyagwa zaidi, akapima kwa jicho, akakata tena. Mimi nilifunguliwa miguu, nikafuta ile grisi yote kwa petroli na kwa kanga iliyochakaa niliyopewa, nikiwa nimepiga magoti, na kila aliyepita aliniambia "feni, pale bado". Boliti ikaingia. Atu akakaa kwenye kiti mwenyewe, akaachia mikono, mteremko ule ule. Kiti kikasogea kidogo, kikasimama.

Wakataka kusogeza gari mahali tambarare. Mzee akakataa. "Hapo hapo alipotolewa huyu."

Alijiinua kwenye kiti chake kwa fimbo, akajikokota hatua chache mpaka garini, akashika mpini, akageuka kwa mguu mmoja mzima, akakaa. Uzito wake ulilishusha gari. Akashika mpini, akajivuta, akaingia. Atu akafunga mlango, akarudi nyuma, na sisi wote tukabaki tunautazama ule mlango, na ndani hatuoni kitu zaidi ya kivuli. Alikaa mle muda mpaka Mama Milembe akaanza kuita jina lake. Nadhani alikuwa anakaa tu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayemshika.

Mlango ukasukumwa kutoka ndani. Komeo likalia, ka. Na Mzee Malimi akatoka, taratibu, anageuka kama mtu aliyeitwa na anataka kuona ni nani. Katikati akasimamisha kiti kwa makusudi, akatutazama, akaendelea. Mguu wa kulia ukakwama kwenye kizingiti cha gari, Masanja akaruka mbele na mikono yake.

"Masanja. Kaa."

Akaushika mguu wake kwa kitambaa cha suruali, kwa mkono ule mmoja, akaunyanyua, akauweka chini pembeni ya mwenzake kama mtu anayepanga viatu. Akashika mpini wa mlangoni, akajiinua, akasimama. Alikuwa mrefu, mimi sikujua kama ni mrefu vile. Akawatazama wakubwa wa bwana harusi waliosimama kwenye mabaki ya turubai, na akasema kama ndiyo kwanza wanafika, "Karibuni, wakwe. Samahani hamkukuta mwenyeji."

Wakubwa wote wale wakachuchumaa wakapiga makofi. Yao yalitoa sauti. Shangazi akapiga kigelegele, Milembe akaenda nyuma ya gari na hakutoka huko mpaka baadaye, na Atu alijifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. (Jumamosi mzee alishuka mwenyewe mlangoni mwa kanisa, mguu mmoja katambuga, mwingine kiatu cha ngozi. Nilikuwepo, lakini hiyo haihusu aibu yangu.)

Turubai nililifunga upya peke yangu. Hakuna aliyeniambia, lakini hakuna aliyenisaidia pia. Nilipomaliza kugongea nguzo ya mwisho jua lilikuwa limeshafika kwenye mashamba, wakwe wamekwenda, na Atu anapanga vyombo vyake.

"Wewe unalala wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, kwamba asubuhi nilipotoka sikujua hata kama ningefika Sumbawanga.

"Alale hapa," Mzee Malimi akasema kutoka mlangoni. "Mpaka Jumamosi fundi atakuwa anakijaribu kiti kila siku, na anahitaji mzigo. Huyu ameshazoea kurushwa."

Basi nikapewa chumba cha pembeni, chenye magunia ya mahindi upande mmoja na kitanda cha kamba upande mwingine, na ugali wa moto na maziwa mgando. Nimeapa, na nawaambia na ninyi: kitu cha mtu kikiwa kizito, muulize kwanza kwa nini kizito. Usiulize mikono yako.

Nilipotaka kulala nikakuta mlango wa kile chumba haufungi. Unakwama chini, umebaki wazi kiasi cha mkono. Nikachuchumaa nikachungulia, nikaona kabisa tatizo liko wapi, ni bawaba ya chini, kuna kijiti mtu amekichomeka pale, ukikitoa tu mlango unakwenda.

Nikakitazama kile kijiti. Nikarudi kitandani, nikalaza mikono yangu yote miwili chini ya mgongo, nikalala mlango wazi, na baridi yote ya Ufipa ikaingia.